Mwenye Bunduki Hana Kura

Mhadhara uliotolewa Mulungwishi mbele ya wanafunzi, walimu na wageni



Nilipoombwa kuzungumza juu ya vyama vidogo vya siasa nilidhani kazi yangu itakuwa kuchagua tu. Nchi yetu iliingia katika uchaguzi wa Desemba 2023 ikiwa na vyama zaidi ya 900 vilivyoandikishwa. Kuna vya maprofesa, kuna vya wafanyabiashara, kuna vya wachungaji waliochoshwa na mimbari, na kuna vile ambavyo watu wanaviita vyama vya mkoba, kwa sababu ofisi, katibu na wanachama wote wanaenea ndani ya mkoba wa mwenyekiti. Katika wingi huo nilitaka niwaletee chama kimoja cha watu ambao kazi yao ni kutulinda: polisi, askari wa magereza, wazimamoto. Wanachama wangepatikana, shida wanazo, na sababu za kukusanyika wanazo kuliko maprofesa. Lakini chama cha polisi walio kazini hakipo, wala kwa sheria zetu hakiwezi kuwapo. Basi leo nitazungumza juu ya chama kisichokuwapo, na juu ya gharama ya kutokuwapo kwake, maana gharama hiyo tunailipa sisi tunaopita barabarani.

Tuanze na siku ya kura. Polisi anasimama mlangoni pa kituo tangu alfajiri. Anatuona tukiingia na kadi zetu, anatuona tukitoka na kidole chenye wino, usiku anasindikiza masanduku. Yeye hapigi kura. Ibara ya 5 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inampa haki hiyo kila Mkongomani aliyetimiza miaka 18 na mwenye haki zake za kiraia na za kisiasa, kwa masharti yatakayowekwa na sheria. Sheria ya uchaguzi ikatoka tarehe 9 Machi mwaka huohuo, na katika masharti yake ikawaweka kando watu wa aina tatu: yule ambaye daktari amethibitisha kwamba akili zake zimepotea kabisa, yule ambaye mahakama imemvua haki zake, na mtu wa jeshi au wa Polisi ya Taifa. Hebu watazameni majirani aliopewa polisi katika orodha hiyo.

Ongezeni mengine. Ibara ya 183 ya Katiba inasema polisi haina siasa, iko kwa ajili ya taifa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuigeuza iwe yake. Maneno mazuri, nami nitayatetea baadaye. Ibara ya 39 inakubali mgomo, kisha inaruhusu sheria iukataze katika ulinzi na usalama. Ibara ya 156 inampeleka polisi, akikosa, mbele ya mahakama ya kijeshi pamoja na wanajeshi. Kwa hiyo mtu wetu huyu ana jaji wa peke yake, lakini mbunge hana hata wa kuazima.

Nitasema mapema nilipo ili asiwepo wa kunisubiri hadi mwisho. Chama cha walinzi sikitaki. Kura yao naitaka, na msemaji wao namtaka, na ninadhani nchi iliyowanyima vyote vitatu kwa pamoja ilichanganya hofu mbili ambazo hazifanani.

Kwa nini sheria iliwaogopa hivyo? Wa Kinshasa watawajibu kutoka vitabuni. Sisi wa Katanga jibu tunalo nyumbani.

Tarehe 5 Julai 1960, uhuru ukiwa na siku tano, askari wa Force Publique waliasi Léopoldville na Thysville. Jeshi lilikuwa na watu kama 25,000, na katika hao wote hakuna Mkongomani hata mmoja aliyekuwa ofisa. Waziri alikuwa mweusi, mbunge alikuwa mweusi, rais wa nchi alikuwa mweusi, na sajini mwenye miaka ishirini kazini bado alimpigia saluti kijana wa Kibelgiji aliyefika jana. Jenerali Janssens, mkuu wa jeshi hilo, akaandika ubaoni mbele yao kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Wakati kila mtu katika nchi alikuwa amepata chama cha kumsemea, chama cha kabila, cha jimbo, cha jiji, askari peke yake alibaki na ubao huo. Lumumba akawapandisha vyeo wote kwa hatua moja, kisha akatafuta wa kuongoza jeshi. Na alimtoa wapi? Alimtoa hapa kwetu. Victor Lundula, aliyekuwa burgomasta katika Jadotville, yaani Likasi, mkongwe wa vita ya pili ya dunia, aliamka mwanasiasa wa mji akalala jenerali. Simcheki mzee huyo, alichukua kazi ambayo hakuna mtu mwenye akili angeiomba. Ninataja tu kwamba siku ya kwanza kabisa ambapo nchi hii ilijaribu kuwajibu walinzi wake, ilichanganya siasa na kambi bila hata kuona kwamba imechanganya.

Tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza Katanga nchi ya peke yake, na jandarmeri ya Katanga ikazaliwa. Sitawasimulia yote. Watu wa Likasi wanajua habari za Wairlandi wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Jadotville mnamo Septemba 1961, na Wazungu sasa wametengeneza hata filamu. Kinachonihusu ni kilichowapata wale jandarmi baada ya Januari 1963, Katanga ilipokwisha. Wengi walivuka kwenda Angola na silaha zao. Mwaka 1964 Tshombe aliporudi kama waziri mkuu aliwaita tena, wakapigana naye dhidi ya waasi Wasimba. Mwaka 1966, na tena 1967, waliasi huko Kisangani. Tshombe alitekwa angani akafungwa Algeria, nao waliobaki wakarudi Angola, ambako Wareno waliwaajiri kupigana na wapigania uhuru wa Angola. Watu wa sare kwa miaka saba, wametumikia serikali tatu, na hakuna hata moja iliyowaandikia pensheni.

Mwaka 1968 wakajitengenezea chombo cha siasa: FNLC, yaani Front National de Libération du Congo, chini ya Nathanaël Mbumba, mtu aliyetoka katika polisi ya Katanga. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana FNLC ndicho kitu kilicho karibu kuliko vyote na chama cha walinzi ambacho ardhi hii imewahi kukizaa. Kilikuwa na jina, mwenyekiti, na maneno ya ukombozi. Wanachama wake lakini walikuwa kikosi kabla ya kuwa chama. Walikuwa na madai ya askari: kurudi nyumbani, cheo kutambuliwa, mtu wa kuwalipa. Madai hayo yakivikwa maneno ya siasa yanakuwa makubwa kupita kiasi, kwa sababu mwenye kuyadai haendi kuomba kura kijijini, anakwenda na alichozoea kwenda nacho. Wareno walipokuwa wakiondoka wakashikamana na MPLA, chama cha ukombozi cha Angola. Tarehe 8 Machi 1977 waliingia Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, na Rais Mobutu akaokolewa na wanajeshi wa Moroko walioletwa na ndege za Ufaransa. Mei 1978 waliingia tena, wakaishika Kolwezi, watu wakafa kwa mamia, weusi na weupe, hadi askari wa Légion ya Ufaransa walipoanguka kutoka angani tarehe 19. Wazee wa Kolwezi bado wanahesabu miaka kwa vita hizo mbili: vita ya siku themanini na vita ya siku sita. Aliyewalipia hao wakombozi ni mwanakijiji wa Lualaba, ambaye jeshi la Mobutu liliporudi lilimtazama kama mwenyeji wao, akakimbilia Angola na watoto mgongoni.

Mtu akiniuliza kwa nini sitaki chama cha wenye bunduki, namwambia aende Kolwezi akakae na wazee nusu saa.

Lakini kuna upande wa pili, nao haupendezi zaidi. Chini ya MPR, chama cha Mobutu, kuanzia 1967 hadi hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, askari na polisi hawakukatazwa chama. Walikuwa ndani ya chama, kama tulivyokuwa sote, na kama alivyokuwa mtoto aliye bado tumboni mwa mama yake. Majenerali walikaa katika vikao vikubwa vya chama. Walicheza ngoma za uhamasishaji kambini. Mwaka 1972 polisi ilivunjwa ikaingizwa katika jandarmeri, na sikumbuki popote niliposoma kwamba polisi wenyewe waliulizwa. Kisha ikaja Septemba 1991. Askari wa Ndjili, wakiwa na mishahara isiyotosha kununua gunia la mihogo, walitoka kambini wakapora Kinshasa, na Oktoba moto ukafika Lubumbashi. Januari 1993 wakalipwa kwa noti mpya ya zaire milioni tano ambayo wafanyabiashara waliikataa, wakapora tena. Miaka zaidi ya ishirini ya uanachama wa lazima haikumpatia askari mtu mmoja wa kwenda kusema, kwa sauti ya kawaida, katika chumba cha kawaida: mkuu, mshahara huu haununui chakula.

Na kuna jambo la tatu, ambalo Likasi inalijua kwa machozi. Mwaka 1992 chama kilijifanya polisi. Vijana wa chama cha UFERI, wale walioitwa JUFERI, walishika mitaa, na maelfu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai, waliozaliwa hapa na kuzika hapa, walilala katika stesheni ya Likasi wiki baada ya wiki wakisubiri mabehewa. Polisi wa kweli alikuwa wapi? Alikuwapo. Alikuwa na njaa, hana amri, na hajui kesho atatumikia upande gani. John Numbi, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa vijana hao, alikuja kuiongoza Polisi ya Taifa hadi aliposimamishwa mwaka 2010. Nimelitaja kwa sababu ni sehemu ya hadithi ya nchi, mwenye masikio aliweke mahali pake. Waandishi wa Katiba ya 2006 walikuwa wameyaona yote hayo, na ndiyo maana ibara ya 190 inamwita msaliti mkubwa wa nchi mtu yeyote anayepanga jeshi lake, mgambo wake, au vijana wenye silaha.

Sasa mnaona hofu mbili. Moja ni ya silaha kuingia siasani. Hiyo ni ya haki, tumezika watu mara nyingi kwa sababu yake. Nyingine ni ya mtu mwenye sare kusema. Sheria yetu ilizifunga katika fungu moja.

Majirani walifanya nini? Tanganyika ilipata maasi yake tarehe 20 Januari 1964, katika kambi ya Colito, na madai yalikuwa yaleyale ya Thysville: mshahara, na maofisa weupe waondoke. Nyerere aliita Waingereza kuyazima, jambo lililomuuma sana, kisha akavunja jeshi akajenga jipya kutoka kwa vijana wa chama chake, TANU. Kwa karibu miaka thelathini mwanajeshi wa Tanzania alikuwa mwanachama wa chama. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, walikata uzi huo: ibara ya 147 ya Katiba yao inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, na kwa neno hilo wanahesabu pia polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Lakini ibara ileile, katika sentensi ileile, inamwachia haki ya kupiga kura. Sijasikia kwamba Tanzania iliungua kwa sababu koplo wa Morogoro aliingia kituoni akatia alama yake.

Uganda ilikwenda njia nyingine, na ninyi wanafunzi wa sheria mngeipenda kwa mtihani. Bungeni kuna viti kumi vya jeshi. Ndicho kile chama kidogo tunachokitafuta, kikiwa kimevaa magwanda na kukaa bungeni tayari! Sasa tazameni kinavyofanya kazi. Mwaka 2005, bunge lilipojadili kuondoa ukomo wa vipindi vya urais, Brigadia Henry Tumukunde, mmoja wa hao kumi, alisema redioni kwamba hakubaliani. Alilazimishwa kuachia kiti, akakamatwa. Mwakilishi ambaye mkuu wake wa kazi anaweza kumwamuru anyamaze anamwakilisha nani? Si koplo. Kambi inakuwa na sauti kumi bungeni na zote zinatoka katika koo moja. Kwa hiyo mtu akinipendekezea viti maalum vya polisi Kinshasa, jibu langu ni hapana kabla hajamaliza sentensi.

Afrika Kusini ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu iko karibu na tunalolihitaji na kwa sababu iliishia pabaya. Mwaka 1989 Luteni Gregory Rockman, polisi wa Mitchells Plain karibu na Cape Town, aliwashtaki hadharani polisi wenzake kwa jinsi walivyowapiga waandamanaji. Mwaka huohuo akaanzisha, pamoja na watu wa magereza, chama cha wafanyakazi kiitwacho POPCRU. Si chama cha siasa, ni cha kazi: mshahara, ubaguzi katika vyeo, ulinzi wa askari anayekataa amri isiyo halali. Angalieni kwamba alianza kwa kumtetea raia aliyepigwa, na madai ya polisi yakafuata nyuma. POPCRU iliingia katika shirikisho la COSATU, ambalo ni mshirika wa chama cha ANC, na humo ikakaa pamoja na chama cha wachimba madini. Kisha ikaja Marikana. Tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwapiga risasi wachimbaji waliogoma wakaua 34, siku chache baada ya polisi wawili kuuawa. Wachimbaji na polisi, wafanyakazi wote, wengine chini ya mwavuli mmoja wa vyama, na mwavuli haukuzuia hata risasi moja. Sisi tunaoishi kati ya Likasi na Kolwezi hatuwezi kusoma habari hiyo kama habari ya wageni.

Acheni niwapeleke mbali kidogo, halafu nirudi. Juni 2011 wazimamoto wa Rio de Janeiro, Brazil, waliyavamia makao makuu yao wenyewe wakidai mshahara, na zaidi ya 400 walikamatwa. Mmoja wa viongozi wao, Cabo Daciolo, alichaguliwa mbunge mwaka 2014 kupitia chama kidogo cha mrengo wa kushoto. Mwaka uliofuata chama kikamfukuza, kwa kuwa alitaka Katiba iandike kwamba mamlaka yote yanatoka kwa Mungu. Mwaka 2018 akagombea urais kwa chama kingine kidogo, na katikati ya kampeni akapanda mlimani kufunga na kuomba. Wachungaji, naona mnatabasamu. Alipata kura kama milioni 1.3, asilimia 1.26. Wazimamoto walikuwa wamempa jina, lakini wakati anagombea urais shida zao zilikuwa zimebaki mbali nyuma yake. Hivyo ndivyo inavyokuwa: mtu wa sare akipanda jukwaa la siasa, jukwaa linamgeuza mwanasiasa kama wengine, na mzimamoto aliyembeba mabegani anarudi kushika mpira wa maji.

Na hapa kwetu angekwama mapema zaidi. Tangu marekebisho ya Desemba 2017, orodha inayotaka viti vya Bunge la Taifa lazima ifikishe asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Mwaka 2023 kura za urais zilikuwa kama milioni 18. Pigeni hesabu: ungehitaji karibu kura 180,000, na wanachama wako wenyewe hawana ruhusa ya kukupigia. Chama kidogo cha namna hiyo kingejiuza kwa muungano mkubwa kabla mwaka haujaisha, na muungano ungepata kitu kimoja ambacho mkoba wa kawaida hauna, yaani orodha ya majina ndani ya kambi. Siogopi chama hicho kushinda. Naogopa kununuliwa kwake.

Turudi barabarani. Mnaijua barabara hii ya kutoka Likasi kwenda Fungurume. Malori ya shaba na kobalti, vumbi, na kizuizi. Polisi anainua mkono. Karatasi zako ziko sawa, zimamoto ya gari unayo, pembetatu unayo. Bado mnasimama mnatazamana, mpaka matabishi yapite. Sisi tunaita hiyo rushwa, na ni rushwa, mimi siifuniki. Lakini naomba muitazame pia kama mahali pekee ambapo mtu huyu anajadili mshahara wake na taifa. Hawezi kumwandikia mbunge, kwa sababu si mpiga kura wa mbunge yeyote, na mbunge anajua kuhesabu. Hawezi kugoma. Hana katibu wa chama cha kazi wa kugonga mlango wa jenerali. Kuanzia 2011 serikali ilianza kupitisha mishahara benki, na hiyo ilisaidia, maana zamani fedha zilipita mikononi mwa wakuu na kila mkono ulibaki na unyevu. Hata hivyo benki inapokea kile kilichotumwa, haiulizi kwa nini ni kidogo. Basi anaulizwa dereva. Ibara ya 15, ile isiyoandikwa popote, jitafutie, ndiyo pekee inayomhusu kikamilifu.

Na mambo hayaishii kwenye matabishi. Januari 2004 amri ya Rais iliufunga mgodi wa Shinkolobwe, hapo jirani ya Likasi. Julai mwaka huohuo udongo uliwafukia wachimbaji waliokuwa bado ndani. Amri ilikuwa imetoka Kinshasa, lakini kuitekeleza, usiku, porini, ilikuwa juu ya mlinzi mwenye njaa na mchimbaji mwenye njaa kumzidi. Juni 2019 wanajeshi walitumwa Fungurume kuwaondoa wachimbaji wa mikono katika eneo la kampuni. Mwisho wa mwezi huo ukuta wa mgodi wa KOV huko Kolwezi ulianguka na kuua watu zaidi ya 40, na jibu la kwanza la Leta, yaani serikali, lilikuwa wanajeshi zaidi. Waokoaji wenye vifaa, mbwa wa kunusa, mashine za kuchimba kwa uangalifu, nani aliyewaombea bajeti kabla ya siku hiyo? Watu wa ulinzi wa raia wapo katika karatasi za wizara ya mambo ya ndani. Zimamoto nzuri tuliyoizoea huku ilikuwa ya kampuni za madini, kwa ajili ya viwanda vyao. Nyumba ikiungua Kikula, ni majirani na ndoo. Mlinzi asiye na msemaji hapotezi mshahara wake tu. Hata kifaa cha kukuokoa wewe kinakosa wa kukidai.

Nikisema msemaji, nataka kueleweka. Mkataba wa 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, ibara ya 9, unaiachia kila nchi iamue ni kwa kiasi gani polisi na jeshi watakuwa na vyama vya kazi. Mlango haukufungwa, uliachiwa bawabu. Tungeweza kuanza na wale wasio na bunduki, wazimamoto, waokoaji na wauguzi wa magereza, ambao hata hofu ya Kolwezi haiwahusu, na ibara ya 38 ya Katiba yetu inawapa Wakongomani haki ya kuunda vyama vya kazi. Kenya ilijifunza kwa njia ngumu: Aprili 2008 askari wa magereza waligoma wakidai posho ambayo polisi walikuwa wameipata, wafungwa wakabaki bila wa kuwalinda. Serikali ikaunda kamati kusikiliza malalamiko ambayo yangeweza kusikilizwa mwaka mmoja kabla, juu ya chai, kama kungekuwa na wa kuyaleta.

Kwa polisi wenyewe ningetaka baraza lililochaguliwa na askari wa vyeo vya chini, kwa kura ya siri, lenye haki ya kufika mbele ya kamati ya ulinzi na usalama ya Bunge mara moja kwa mwaka bila mkuu wao kuwapo chumbani. Lisigome. Lisiwe na bendera. Lisimpigie debe mtu. Lizungumze juu ya mishahara, nyumba za kambi, mazishi, na wajane. Juu ya wajane hasa, maana polisi akifa Leta inamwondoa mke wake kambini haraka kuliko inavyomlipa.

Nimesikia pingamizi, na moja lina uzito. Ukimpa askari kura, wanasema, mkuu wa kambi atawapanga mstari na kuwaonyesha pa kutia alama. Ni kweli inaweza kutokea, na ndiyo sababu sitaki kituo cha kura ndani ya kambi hata kimoja. Apige kura mtaani, pamoja nasi, bila sare na bila silaha, sanduku lake liwe letu, kura yake ipotee ndani ya kura za mama wauza mihogo ili mkuu asiweze kuzihesabu.

Lakini siku hiyo yuko kazini, wanasema tena, mbali na kituo alichoandikishwa. Hilo limekwisha kutatuliwa, mnalijua ninyi mliowahi kuwa mashahidi wa vyama au wafanyakazi wa tume ya uchaguzi, CENI. Sheria yetu ina orodha ya watu wanaoruhusiwa kupiga kura mahali walipotumwa kufanya kazi siku ya uchaguzi: watu wa kituo, mashahidi, waangalizi, waandishi wa habari. Wanaonyesha kadi, wanaandikwa kwenye karatasi ya pembeni, wanapiga kura. Sheria hiyo ya uchaguzi imerekebishwa mwaka 2011, 2015, 2017 na 2022, na kila mara wabunge walipata muda wa kubishana juu ya viti na juu ya dhamana za wagombea. Uchaguzi ujao ni wa 2028. Marekebisho ya tano yatakuja kabla yake, maana huwa yanakuja. Yanahitaji kufuta mstari mmoja katika orodha ya wasiopiga kura, na kuongeza mmoja katika orodha ya wanaopigia kura kazini. Wabunge wa Likasi na Kambove wanapatikana, wengine wana jamaa waliosoma hapa. Nimeiandika rasimu, kurasa mbili tu, iko mezani pale karibu na mlango kwa anayetaka kuisoma, kuikosoa, au kuipeleka.